Asiguswe

3 Machi

Mdogo wangu Pancha,

Simu yangu huipokei. Juzi nilipompigia mkeo akaniambia kwa sauti ya chini kwamba uko kazini, wakati nakusikia kabisa unakohoa pembeni yake. Kikohozi chako nakijua tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni. Basi nimeshika kalamu, maana barua haikatwi katikati.

Chiriku wangu anaendeleaje? Nilitoka kubadilisha nguo za kazi, niliporudi wodini nikakuta kitanda kimeshatandikwa shuka jingine na mtoto hayupo. Mwenzangu wa zamu akasema ulisaini, ukambeba, ukaondoka bila hata kuuliza siku ya kliniki. Kuniaga ndiyo usiseme. Nikajiambia ni uchovu. Baba aliyesimama nje ya pazia wakati moyo wa mwanawe umegoma ana haki ya kuchoka.

Ila nirudie aliyokuambia daktari, maana najua siku ile masikio yako hayakuwa pale. Moyo wa Chiriku umeumbika vizuri, hauna tundu. Shida yake ni kwamba mapigo yanaweza kuvurugika ghafla, hasa akishtuliwa. Ndiyo maana alikuwa akizimia pale kwako na ninyi mkasema ni njaa. Ndiyo maana hapa aliporomoka mtu alipoangusha sinia la vyuma, yeye akiwa amekaa anangoja kupimwa. Tulibahatika ilitokea hapa, mashine iko hatua chache tu. Vidonge nilivyowapa anywe asubuhi na jioni bila kuruka hata siku moja, hata akionekana mzima wa kurusha mawe.

Jambo jingine ni banda lako la matairi. Linapakana na chumba anacholala, na tairi likipasuka najua mtaa mzima unaruka. Hilo naomba tuzungumze vizuri, ukikubali kupokea simu.

Nisalimie wifi yangu. Mwambie Chiriku shangazi anamngoja aje amalizie kile kisa cha mbuzi aliyekula daftari.

Dada yako


11 Machi

Dada,

Umeuliza, basi ngoja nikujibu. Nimekaa na jambo hili limenikwama rohoni tangu siku ile, na kukohoa hakulitoi.

Mlinitoa nje. Sawa. Lakini lile pazia ni kitambaa, Dada, si ukuta. Nilisikia watu wanahema. Nilisikia mtu anahesabu. Kisha nikasikia sauti yako wewe, si ya daktari wala ya mwingine, ikisema: “Oksijeni pembeni. Wote mbali. Asiguswe.”

Nilisikia vizuri kama ninavyosikia upepo ukitoka kwenye tairi. Mtoto hapumui, na wewe, shangazi yake wa damu, unaamuru aondolewe hewa na watu wamwache. Kukawa kimya. Kitanda kikagonga mara moja. Baada ya muda ukayarudia maneno yale yale, neno kwa neno, bila hata sauti kutetemeka. Halafu daktari anatoka ananiambia mtoto amepona, nishukuru. Nilishukuru, nitafanyaje. Lakini nilikuwa nimeshasikia.

Tulipofika nyumbani nikamwogesha mwenyewe. Ana alama mbili nyekundu, moja chini ya bega la kulia na nyingine ubavuni kushoto, kila moja kama kiganja. Hakuna aliyenieleza. Na haongei. Huyu uliyempa mwenyewe jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake hauna breki, sasa anakaa kwenye kigoda anatazama ukuta. Ukimuuliza kitu anatikisa kichwa. Nyie mmenirudishia mtoto mwingine.

Tena kuna hili. Mwaka jana ulikuja na begi la zawadi, ukasema Chiriku akae kwako asome, nyumba yako ni kubwa na mtoto huna. Nikakataa. Ukacheka, ukasema, “Siku moja mtaniletea wenyewe.” Kweli nikakuletea, kwa mikono yangu hii. Sasa nikiyakumbuka maneno hayo usingizi unakata.

Na nilikuona baadaye kwenye stoo ya shuka, umeegemea rafu, unalia. Mtu aliyemwokoa mtoto analia nini?

Pancha


19 Machi

Pancha,

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikatafuta kiti, nikaisoma tena. Sitakuficha kwamba imeniuma. Lakini wewe ukiumia hukaripia, mimi nikiumia hueleza, basi nivumilie.

Maneno ni yangu. Sikatai hata moja. Daktari alikuwa kichwani kwa mtoto akimpa pumzi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa naongoza, na anayeongoza ndiye anayesema. Moyo wa Chiriku haukuwa umenyamaza kabisa. Ulikuwa unatetemeka tu, hausukumi damu. Moyo wa namna hiyo ukiubonyeza kifuani unasaidia damu itembee kidogo, lakini haurudi katika mpango wake mpaka upigwe umeme kwa mashine, mara moja, utulie halafu uanze upya. Umeme ule hauchagui mtu. Ukiwa umemgusa mtoto, na wewe unaupata. Na oksijeni ikiwa karibu, cheche kidogo inawasha moto kitandani. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe tunasema hivyo, kila mara, kwa kila mtoto, hata angekuwa wa waziri. Aliachwa muda wa mtu kupiga chafya, kisha mikono ikarudi kifuani. Kimya ulichokisikia ndicho hicho, na tulirudia kwa sababu umeme wa kwanza haukutosha.

Alama ni za vibandiko vya mashine. Zitafifia. Kuhusu kutoongea, mbavu zinamuuma kwa sababu tulimbonyeza kwa nguvu, na ameogopa, na ubongo wake umechoka. Mpe muda. Ataongea mpaka utafute pamba za masikio.

Nililia, ndiyo. Nililia baadaye kwa sababu kabla ya hapo sikuwa na nafasi. Unadhani ningelilia wapi, mbele ya wagonjwa?

Hilo la mwaka jana sitalijibu katika barua hii. Tukikutana nitalijibu.

Vidonge, Pancha. Na banda. Nakuomba.

Dada yako


26 Machi

Dada,

Sasa nimeelewa, tena kutoka kwenye mkono wako mwenyewe. Umemtia mtoto wangu umeme.

Mimi sikusoma kama wewe lakini umeme naujua. Fundi wa kuchomelea aliyekuwa na banda jirani na langu aliguswa na waya mmoja tu, hatukuwahi hata kumwita jina. Unaniandikia kwa lugha tamu kwamba umeme unaua mtu mzima akimgusa mtoto, lakini mtoto mwenyewe unamponya. Ungesikia jambo hilo kwa mtu mwingine, ungeamini?

Si hayo tu. Kile kichupa nilikipeleka kwa muuza dawa wa mtaani kwetu. Akasoma kibandiko, akatabasamu, akaniuliza mgonjwa ni babu au bibi. Ni dawa ya presha ya wazee, Dada. Chiriku ana miaka sita. Nimekifungia kwenye sanduku la spana na ufunguo ninatembea nao.

Na swali moja umelikwepa. Umeeleza mashine, umeeleza cheche, umeeleza mpaka machozi. Ulipofika kwenye kumtaka mtoto ukasema tukikutana. Halafu unataka nivunje banda. Nikivunja banda tutakula nini, na tukikosa cha kula mtoto ataenda kulelewa na nani? Njia hiyo naiona inakoishia.

Usiandike tena mambo ya dawa.

Pancha


2 Aprili

Wifi,

Ni mimi, Mama Chiriku. Mwenzangu hajui kama naandika. Barua zako anazisoma nyuma ya banda, kisha anazikunja anazitia mfukoni, na usiku mfuko ule naupapasa. Kwa hiyo nimezisoma zote. Usinione mbaya.

Nataka kukuuliza mambo mawili, na nataka unijibu kama mwanamke mwenzangu.

La kwanza. Siku ile mume wangu alikuwa upande wa mlango, mimi nilikuwa upande wa dirisha, na pale pazia halikufika mwisho. Niliona miguu yako. Ulivua viatu, ukapanda juu ya kistuli, na nikaona visigino vyako vinapanda na kushuka, vinapanda na kushuka, na kitanda kinalia. Nilisikia kitu kinavunjika, wifi, kama kijiti. Sijamwambia mtu. Ningemwambia mume wangu angekuja huko na jeki mkononi. Ulikuwa unamfanya nini mtoto wangu?

La pili. Mimi naona kama dawa ni dawa, tungempa. Lakini kila nikitaka kukutetea nakukumbuka na lile begi la zawadi, namkumbuka Chiriku amekukalia mapajani hataki kushuka, nakumbuka ulivyokuwa unamsuka nywele polepole kama hutaki ziishe. Uliwahi kumtaka mtoto wangu? Nijibu kweli. Nikikosa jibu nitabaki katikati, na katikati hapakaliki.

Ukijibu, tuma kwa yule fundi cherehani ninayemsaidia kushona. Usitumie anwani ya nyumbani.

Mama Chiriku


9 Aprili

Wifi yangu,

Naanza na la pili kwa sababu ndilo linalokukosesha usingizi. Ndiyo, nilimtaka. Nilimtaka mwaka jana na hata leo ukiniambia njoo umchukue nitakuja na nguo za kazini. Nimekaa miaka yote hii nikiwarudisha watoto wa watu kwa mama zao, halafu jioni naenda nyumbani kupika sufuria dogo. Nilishindwa kumwandikia Pancha hivyo kwa sababu angeona ni kukiri. Lakini kumtaka mtoto akae kwangu kunahitaji awe hai, wifi. Fikiria hilo tu.

La kwanza. Nilivua viatu maana vilikuwa vinateleza. Nilipanda kistuli kwa sababu mimi ni mfupi na kifua kinabonyezwa kutokea juu, mikono imenyooka. Ulichosikia kikivunjika ni kweli huenda kilikuwa ubavu. Hutokea, ingawa kwa watoto ni nadra, na ubavu hupona. Nilisikia pia. Sikusimama.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu Pancha amefunga dawa na banda bado lipo. Chiriku akianguka, mwite, mgongegonge bega. Asipoitika na hapumui, au anatweta kwa kuvutavuta tu, piga kelele upate mtu wa kutafuta gari la hospitali. Wewe usiende popote. Mlaze chali mahali pagumu. Rudisha kichwa nyuma kidogo, inua kidevu, bana pua, mpulizie mpaka uone kifua kinainuka. Kisha weka kiganja kimoja katikati ya kifua, nusu ya chini ya ule mfupa, ubonyeze mpaka kifua kizame theluthi yake. Utaona ni kingi mno. Si kingi. Kiache kiinuke chote kabla hujabonyeza tena. Nenda upesi, kwa mwendo wa mtu anayetwanga akiwa na haraka, thelathini kisha pumzi mbili, thelathini kisha pumzi mbili. Angekuwa mchanga ningekwambia vidole gumba viwili, lakini huyu ni mkubwa. Usiache mpaka mtu mwenye mashine akupokee. Hata garini usiache.

Jizoeze kwenye mto, ila uuweke sakafuni. Hesabu kwa sauti, inakuzuia kulia.

Kuhusu dawa, muuza dawa hakudanganya. Wazee wanaitumia kwa presha. Kwa kipimo kidogo hiyo hiyo inautuliza moyo wa mtoto wa namna ya Chiriku usivurugike. Nimekuwekea vingine ndani ya kifurushi hiki. Lakini nakusihi usimfiche mume wako. Mwambie. Akikukuta unanyweshanywesha mtoto kwa siri, atakachofikiri wewe unakijua.

Wifi yako


20 Aprili

Dada,

Umemfundisha nini mke wangu?

Jana mchana nilirudi ndani kuchukua kiraka. Mlango wa chumba umefungwa, ndani nasikia mtu anahesabu. Hesabu ile ile niliyoisikia nyuma ya pazia, kwa mwendo ule ule. Nywele zilinisimama. Nikasukuma mlango nikamkuta mke wangu amepiga magoti, anaugandamiza mto sakafuni kwa kiganja, jasho linamtoka, halafu anainama anaupulizia. Mto. Na Chiriku amekaa kitandani anamtazama mama yake na kusema, “Mama, huyo bado hajaamka.”

Nimemuuliza, akanipa barua yako bila kubisha. Nimeisoma. Kumbe mnaandikiana kupitia kwa fundi cherehani, watu wazima, kama wasichana wa shule. Kumbe ubavu ulivunjika na ukaendelea. Kumbe ulimtaka, na bado unamtaka, umeandika kwa wino.

Vidonge vyako vya pili nimevikuta havijafunguliwa, nimevimwaga chooni. Alichosema mke wangu ni kimoja tu, kwamba mto ataendelea nao.

Na ujue hili. Chiriku anaongea. Ameanza wiki iliyopita bila kidonge chako hata kimoja, na sasa hanyamazi, anaongea kuliko redio. Anakaa mlangoni pa banda tangu anatoka shule mpaka jua linazama, ananisimulia habari za walimu na paka wao. Mtoto mgonjwa hafanyi hivyo. Kwa hiyo ugonjwa wenu ulikuwa wapi?

Pancha


6 Mei

Pancha,

Sijapata neno lako tangu ile barua, na sitabishana nawe tena. Nimefurahi anaongea. Nimesoma mstari ule mara nyingi na kila mara nikaisikia sauti yake. Lakini umeniandikia kwamba anakaa mlangoni pa banda, na tangu siku hiyo kila mlango ukibamizwa hapa wodini nashtuka mimi.

Nakuomba kitu kimoja, na baada ya hapo unaweza kunichukia mpaka uzeeke. Siku ikifika, usimzuie mkeo mikono. Atafanya kitu utakachoona ni kibaya. Mwache akifanye.

Dada yako


11 Mei

Dada,

Chiriku yuko hai. Nimeanza na hilo usije ukaisoma barua hii roho mkononi. Nilijaribu kukupigia simu, ukapokea, ukasema “Haloo” mara tatu, nikakata. Basi naandika na naituma kwa basi la leo.

Jumatano mchana nilikuwa najaza upepo tairi la lori. Ukingo wake ulikuwa umeoza, sikuuangalia vizuri. Yeye yuko mlangoni anasimulia paka wa mwalimu alivyolala juu ya mitihani. Tairi likapasuka. Nilisikia mlio, nikacheka kwa kushtuka, nikageuka kumwambia aendelee. Alikuwa chini.

Mimi nilimnyanyua nikamtikisa. Ndicho nilichokijua kufanya, kutikisa na kuita jina. Mke wangu akatoka ndani. Dada, huyu mwanamke hajawahi hata kunikatiza nikiongea. Alinivuta shati, akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamlaza kwenye saruji na kuanza. Niliona kifua cha mwanangu kinazama namna ile na mkono wangu ukaenda kumshika bega aache. Barua yako ya mwisho ilikuwa imefika jana yake, iko mfukoni, sikuijibu wala sikuitupa. Mkono ukarudi. Mteja mmoja alikuwa anangoja na pikapu yake, nikachukua ufunguo kutoka kwenye vidole vyake bila kumwomba.

Mke wangu nyuma na mtoto, mimi kwenye usukani. Kioo cha nyuma cha ile pikapu kilikuwa kimevunjika, kwa hiyo nilimsikia njia nzima. Anahesabu, anapuliza, anahesabu. Hesabu ile niliyoichukia. Sasa nilichoogopa ni isije ikakatika. Kila tulipoingia shimoni ilikatika kidogo ikarudi, na kila iliporudi nilipata nguvu ya kukanyaga mafuta.

Ile hospitali ndogo nyuma ya soko unaijua. Chumba chao cha dharura hakina hata pazia, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kunitoa nje. Daktari ni kijana, sijawahi kumwona. Hanijui mimi, hakujui wewe, hajui nani alimtaka mtoto wala nani alikataa. Akabandika vibandiko viwili, kimoja chini ya bega la kulia, kingine ubavuni kushoto. Pale pale. Akatazama kioo cha mashine, akasema: “Oksijeni pembeni. Wote mbali. Asiguswe.”

Neno kwa neno, Dada. Kwa sauti ile ile isiyotetemeka.

Wote wakainua mikono isipokuwa mke wangu. Alikuwa amempokeza nesi kifua lakini ameng'ang'ania mguu wa mtoto, amefumba macho, bado anahesabu, hamsikii mtu. Daktari akanitazama. Nikaenda nikamshika vidole, nikavibandua kimoja kimoja kwenye ule mguu, na nikamwambia kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka, “Asiguswe.”

Uliandika ni muda wa kupiga chafya. Sikubishii, lakini kwangu haukuwa huo.

Walimpiga umeme mara moja. Walirudi kifuani, wakabonyeza, wakatazama, na daktari akasema simameni, moyo unapiga. Jana ameomba maji, na tangu anywe hayo maji hajanyamaza. Daktari ananiuliza kama huwa anachoka.

Huyo daktari aliniuliza pia mtoto alikuwa anatumia dawa gani. Nikamtajia ile ya presha ya wazee, nikangoja acheke. Akatikisa kichwa kukubali, akasema ndiyo yenyewe, ameiacha lini? Swali hilo ndilo lililonimaliza. Nilimjibu ukweli, kwamba haikuachwa, niliifungia mimi. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Jumatatu wanamhamishia kwenu kwa gari la wagonjwa na nitakaa naye nyuma. Ulisema siku moja tutakuletea wenyewe. Nakuletea. Akitoka wodini akae kwako mpaka nipate mahali pengine pa banda, na pasipopatikana haraka, akae. Mama yake ataandamana naye, kwa hiyo tafuta sufuria kubwa. Mimi nifundishe ule mto.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu, nakuambia wewe. Walipomtuliza mtoto nilitoka nje kupata hewa. Kwenye benchi alikuwepo bibi mmoja na mjukuu wake mwenye kikohozi, na mlango wa kile chumba ulikuwa umeegeshwa tu. Alikuwa amesikia sauti yangu. Alinitazama jinsi mtu anavyomtazama mwizi, akamvuta mjukuu wake kifuani, akaniuliza, “Wewe ni baba wa namna gani, unakataza mwanao asiguswe?”

Sikukasirika, Dada. Nilikaa kwenye benchi, mbali kidogo nisije nikamtisha, nikaanza kumweleza taratibu kama ulivyonieleza mimi. Aliitikia, aliitikia. Nilipofika kwenye umeme akasimama, akambeba mjukuu wake, akahama benchi.

Mdogo wako,
Pancha